Matope ya Upande wa Kushoto

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi moja ya soko pale Kibaigwa, mjomba wangu aliponiaibisha mbele za watu, nami nilistahili. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Nilikuwa na kibanda cha kuchora mabango kando ya barabara kuu, pale malori ya mahindi yanapoegesha, na madereva walinipa milango ya magari yao niiandike majina. Mkono wangu ulikuwa mwepesi. Mdomo ulikuwa mwepesi zaidi, na habari ya mdomo ndiyo ninayotaka kukusimulia.

Juzi nilipita kwenu hapa Msalato nikakuona barazani na boksi lako la kifaru cha vita cha plastiki, umeegesha simu kwenye kikombe, unatazama mafundi wa nchi za mbali wanavyounga vyao. Nilitamani nikae nawe nikuambie palepale. Lakini ulikuwa umeshika kipande kwa mkono mmoja na gundi kwa mkono mwingine, na hapo mtu hasemeshwi. Kwa hiyo nimekaa nimekuandikia.

Kifaru changu nilikipata kwa daktari mmoja mgeni aliyekuwa amemaliza kazi yake na anarudi kwao. Niliwahi kumchorea kibao cha nyumba. Siku ya kufunga mizigo aliniita, akanipa boksi ambalo yeye mwenyewe hakuwahi kulifungua. Ndani mlikuwa na vipande vya plastiki ya kijivu vimeshikiliwa kwenye fremu, kila kimoja na namba yake, pamoja na karatasi ya maelekezo yenye michoro mitupu. Vipande vingine vilikuwa vidogo kama punje ya uwele.

Wewe unakata kila kipande kwa wakati wake na kukipiga msasa. Mimi nilivivunja vyote kwa vidole siku ileile, nikavimwaga kwenye sinia, namba zikapotea. Nilihangaika siku nyingi kujua gurudumu lipi ni la mbele na lipi ni la nyuma. Kilipokwisha simama, nilikipaka rangi ya kijani ileile ya mabango, nzito, inayong'aa kama sufuria jipya. Nikajiona fundi.

Sasa, mjomba wangu. Jina lake Ndahani, kaka yake mama, mkulima wa Mlali. Ujana wake alikuwa jeshini, na katika vita vile vya mpakani, ambavyo mimi nilivisikia redioni nikiwa mtoto, yeye alikuwa dereva wa kifaru. Alirudi na viungo vyake vyote. Alilima, alioa, alienda kanisani. Ila habari za vita hakuzigusa. Mkewe alikuwa ametuonya sote kwamba mjomba haulizwi mambo ya jeshi, na sisi tulitii.

Nilikibeba kifaru changu hadi Mlali nikiwa na hakika kwamba atafurahi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, Elia. Umebeba nini?"

Alikipokea kwa mikono miwili. Alikigeuza akatazama tumboni, akatazama minyororo, akapitisha kidole kwenye mtutu. Kisha akanirudishia.

"Hiki hakijawahi kutembea," alisema. Akachukua jembe lake akaenda shambani.

Neno lile liliniuma, mwanangu. Ningekuwa na akili ningemfuata nimuulize kinachotembea kinafananaje. Badala yake nilirudi Kibaigwa na hasira, nikasema nitakitembeza mwenyewe. Nilipasha msumari moto nikakitoboa matundu ya risasi. Nilikipaka masizi kila mahali, na kutu, na mwisho nikachukua rangi nyekundu nikachora damu ubavuni, inachuruzika. Nikakiweka juu ya stuli mbele ya kibanda.

Watu walijaa. Wachuuzi, madalali, matingo wa malori, wote walitaka kukiona. Na mimi, kwa kuwa walikuwa wanasikiliza, nikaanza kusimulia. Nilisema hicho ndicho kifaru alichoendesha mjomba wangu. Nilisema alipita katikati ya moto, aliponda nyumba, aliwafukuza maadui hadi mtoni. Kila siku niliongeza kidogo. Nilifika mahali nikawa naigiza mpaka sauti yake, sauti ya mtu ambaye hakuwahi kuniambia hata neno moja la mambo hayo.

Siku ya soko alikuja na magunia yake ya mahindi. Sikumwona. Nilikuwa nimewapa mgongo watu, nimeinua mkono naonyesha mzinga ulivyolipuka. Niligeuka nikamwona amesimama mbele ya stuli, kofia mkononi.

"Elia," alisema, "hiyo damu ni ya nani?"

Nikacheka kidogo.

"Nakuuliza. Umechora damu hapa. Ni ya nani?"

"Ya... ya maadui, mjomba."

"Uliwaona?"

"Hapana."

"Mimi nilikuwepo, sijasema. Wewe hukuwepo, umesema mpaka watu wamekusanyika."

Hakupandisha sauti. Alivaa kofia yake akarudi kwenye magunia. Watu walitawanyika mmoja mmoja, na hakuna aliyenitazama usoni. Afadhali angenipiga kofi, maana uchungu wa kofi ungekwisha siku ileile.

Nilifunga kibanda. Nilifikiri kukitupa kifaru kwenye moto, lakini nikaona kukichoma ni njia nyingine ya kukimbia. Nikaamua kukifuta. Tina, yale maji ya kuzimulia rangi, ningeitumia ingeyeyusha plastiki. Fundi gari jirani yangu ndiye aliyeniambia nijaribu mafuta ya breki. Nilikilaza kwenye kopo la mafuta hayo, na kesho yake rangi ikatoka kwa mswaki, damu, kutu, masizi, vyote. Ilibaki plastiki ya kijivu yenye matundu yangu. Nilikwangua vumbi la plastiki kutoka kwenye fremu zilizobaki, nikalichanganya na gundi, nikaziba tundu moja moja na kupiga msasa mpaka kidole hakisikii kitu. Kazi ile ilinichukua wiki nzima. Nafikiri ndiyo kazi ya kwanza maishani niliyoifanya bila kutaka mtu aione.

Nikarudi Mlali. Mjomba alikuwa uani anapukuchua mahindi. Nilimwamkia, akaitikia bila kuinua macho.

"Mjomba, nimefuta vyote. Nilisema nisiyoyajua, naomba unisamehe. Sijui kilivyokuwa. Ukitaka kunionyesha, nitafanya unavyosema. Ukitaka niache, nitaacha."

Alimaliza kupukuchua hindi alilolishika. Kisha akajifuta mikono.

"Lete."

Tangu hapo nilikwenda kila Jumapili baada ya ibada. Alinifundisha kwamba vumbi halikai sawasawa; hutulia kwenye pembe na kwenye mikunjo, na pale watu wanapopandia, buti husugua rangi mpaka chuma kinaonekana. Chuma hicho tulikipata kwa kupaka unga wa risasi ya penseli kwa ncha ya kidole. Moshi wa ekzosi tuliuchora kwa vumbi la mkaa, nyuma tu, kwa sababu moshi una njia yake. Alinifanya nidondoshe mafuta machafu ya injini, tone dogo, karibu na mdomo wa tangi. "Hapo ndipo mikono ilikuwa inateleza," alisema. Rangi yenyewe nilipaka nyepesi, mara tatu, nikisubiri ikauke, na yeye alisubiri pamoja nami.

Udongo wa Mlali aliukataa. Ni mwekundu, alisema, wa kule ulikuwa mweusi. Tukaenda kuchota udongo mweusi wa mbugani, mkewe akatupa kipande cha khanga kuukuu tuuchekeche, tukaukoroga na gundi ya maji. Nikachovya brashi.

"Matope yafike wapi, mjomba?"

Nilidhani nauliza swali la rangi. Yeye alikigeuza kile kifaru ubavu. Akaweka kidole juu ya magurudumu ya upande wa kushoto.

"Kulia, kidogo. Kushoto yalifika hapa."

"Mbona kushoto zaidi?"

Na hapo ndipo alipofungua kinywa.

Walikuwa wanne ndani. Mmoja alikuwa Idi, kijana wa milima ya Kondoa, mpakia makombora, mtu wa mzaha. Walifika kwenye bonde lenye maji. Idi alitoa kichwa juu, akasema ardhi ile ni laini, wazunguke. Mjomba alikuwa na haraka. Wenzao walikuwa wametangulia. Akakata katikati. Upande wa kushoto ukazama, mnyororo ukachomoka. Idi ndiye aliyeruka kwanza kwenda kuutazama, anamtania mjomba bado, na kombora likaangukia karibu. Hakuinuka tena.

"Alisema tuzunguke," mjomba alirudia. "Alisema waziwazi, Elia, nikasikia."

Akaniambia kwamba Idi aliacha mama kule Kondoa. Tangu arudi kutoka vitani, mara nne mjomba alisafiri hadi Dodoma mjini kupanda gari la kwenda kwa yule mama, na mara nne aligeuza. Mkewe alijua kwamba anakwenda mjini. Hakujua kwa nini.

Nilisema tu kile kilichonijia: "Safari ya tano twende wawili."

Tulikwenda baada ya mavuno, kifaru nimekipakata ndani ya boksi. Tuliposhuka Kondoa alitaka tunywe chai kwanza, na baada ya chai akataka chai nyingine. Nikamshika mkono kama anavyoshikwa mgonjwa, tukapanda mlima.

Bi Zuhura, mama yake Idi, alikuwa kikongwe mwembamba, ameketi kwenye jamvi anachambua kunde. Tulibisha hodi, tukamwamkia, akatukaribisha kabla hata ya kutuuliza sisi ni nani. Mjomba hakukaa kwenye kiti. Alikaa chini.

"Mama, naitwa Ndahani. Nilikuwa na Idi. Mimi ndiye niliyekuwa dereva." Akamweleza yote. Hakupunguza kosa lake, wala hakumsingizia marehemu. Akamalizia, "Aliniambia tuzunguke, nikakataa."

Mama yule aliacha kunde zake. Kisha akauliza kitu ambacho sikukitarajia.

"Siku ile alikuwa amekula?"

"Alikuwa amekula, mama. Viazi vya kuchoma. Na kiazi changu kimoja alikichukua."

Akatikisa kichwa, na nusu ya uso wake ikatabasamu. "Huyo ndiye yeye. Alikuwa anakaa wapi, humo ndani?"

Hapo nilifungua boksi. Mjomba aliinua kile kifuniko kidogo cha juu, akamwonyesha mahali pa Idi, mahali pake mwenyewe, umbali wa mmoja na mwingine. Bi Zuhura aliinama, akaweka ncha ya kidole pale. Aliona matope ya upande wa kushoto, akayagusa, asiulize.

"Walioleta habari waliniambia amekufa vitani, basi," alisema. "Miaka yote hii nilikuwa namwona amelala peke yake porini, hana wa kumfumba macho."

"Nilimfumba mimi," mjomba alisema.

Yule mama alilia, na mjomba akalia, na mimi nikatoka nje kutazama kuku. Niliporudi alikuwa anamwamuru mjomba anawe mikono, chakula kiko tayari. "Kosa lako umeshalileta hapa," alimwambia. "Usilibebe tena kurudi nalo. Nawa, ule."

Kifaru alikikataa. Alisema chombo cha vita hakitalala ndani mwake, lakini alitushukuru kwa kumwonyesha. Mjomba alirudi Kondoa kila mwaka baada ya hapo, na mjukuu wa Bi Zuhura alipoolewa, mjomba wangu, Mgogo na Mkristo, aliketi upande wa wajomba wa bibi harusi, amevaa kanzu ya kuazima iliyomfika magotini. Sijawahi kumwona akicheka vile.

Basi, mwanangu, ushauri wangu ni huu. Unga kifaru chako, kipake rangi, kichakaze vizuri. Ni kazi safi inayofundisha subira, na mimi mzee nakuonea wivu kwa brashi zako. Lakini kila doa unalotaka kuliweka, jiulize limetoka wapi. Ukijua, liweke. Usipojua, tafuta aliyekuwepo umuulize kwa adabu, na akikataa kusema, mwachie kimya chake, ni mali yake. Usichore damu ya mtu usiyemjua ili watu wakusifu. Ukikosea, na utakosea, usikichome ulichokosea. Kifute, kizibe, anza upya, halafu nenda kwa uliyemkosea kabla hajazeeka zaidi. Na kama kuna mlango unaoutembelea kwa mawazo tu, ukifika nusu ya njia unageuza, nitafute. Magoti yangu yanauma lakini gari bado naweza kupanda.

Mungu akupe mkono mtulivu na sikio linalosubiri. Akukutanishe na watu watakaokuambia kweli kwa upole, na akikutuma kwa mtu mwenye uchungu, usiende mikono mitupu wala peke yako. Uishi siku nyingi, ule ushibe, na nyumba yako isikose wageni wa mbali wanaoitwa ndugu.