Waya wa Kuanikia Nguo

Shangazi yangu Tusekile ana kasoro moja tu, nayo ni kubwa: akikuamini, amekuamini. Kwake, kijijini Mpuguso, mtu aliyewahi kukaa jikoni kwake akala ndizi na maharage hawezi tena kuwa na ubaya. Wanyakyusa tuna neno letu, ukwangala, yaani kukaa na wenzako mkala, mkanywa, mkacheka. Shangazi amelifanya dini ya pili, na Obed jirani yake alilijua hilo vizuri sana.

Obed alikuwa rafiki wa marehemu mume wa shangazi, ndiyo maana wakaitana shemeji. Nyumba ile ilikuwa na boksi la fyuzi la zamani, limepigiliwa kwenye ubao karibu na mlango, na ndani ya kila fyuzi kuna kiwaya chembamba. Umeme ukizidi, kiwaya kinaungua na nyumba inakuwa giza. Marehemu alikuwa akifunga kiwaya kipya mwenyewe. Alipoondoka duniani, kazi hiyo akairithi Obed na bisibisi yake. Siku moja akatangaza, "Shemeji, nimekuwekea waya wa kudumu. Huu hauungui tena."

Kweli haukuungua. Shangazi akamwambia "ndaga fijo", asante sana, tena akamkatia mkungu wa ndizi.

Kilichoanza kuungua sasa ni uniti. Ananunua umeme leo, keshokutwa mita inalia. Obed akawa na jibu la hilo pia. "Shemeji, vijana wa siku hizi wana majiko ya umeme. Ukienda kuchuma chai, nani anabaki nyumbani?"

Aliyekuwa akibaki ni Doreen, mkwe wa shangazi. Mumewe Jacob alikuwa Tunduma kwenye malori. Doreen akaapa hajawahi kugusa jiko la umeme. Akasema, "Mama, tumwite fundi atazame nyaya." Shangazi akawaka. Fundi wa nini na shemeji yupo? Neno likazaa neno, mpaka Doreen akafunga nguo zake, akambeba mtoto mgongoni akarudi kwao Matwebe. Mvua ilikuwa inanyesha, ile yetu isiyo na haraka ya kuacha. Obed alikuwa barazani kwa shangazi anakunywa chai, akawatazama wakipotea kwenye migomba.

Doreen aliondoka, lakini uniti ziliendelea kuisha vilevile. Shangazi akasema mita imechoka. Ule ubao wa fyuzi ulipoanza kunuka moto, nilimchukua Bushiri, fundi umeme wa Tukuyu mjini, nikaenda naye bila kuomba ruhusa.

Bushiri alichomoa fyuzi, akaigeuza mkononi.

"Mama, nani kaweka huu? Huu ni waya wa kuanikia nguo."

"Shemeji. Si ndiyo imara?"

"Fyuzi inatakiwa ikatike, mama. Ndiyo kazi yake. Isipokatika, nyumba yenyewe ndiyo itaungua."

Akaling'oa boksi lote, akafunga jipya lenye breka, swichi zinazojizima umeme ukizidi. Jioni, breka moja ikashuka, tap! Akaipandisha, ikashuka tena. Tukazima taa zote, tukachomoa redio na pasi. Ndani hapakuwa na kitu kinachokula umeme, lakini breka ikashuka. Bushiri akatoka na tochi, akakuta waya uliodandia umeme wetu nyuma ya stoo. Ulizama ardhini ndani ya mpira wa maji, ukapita chini ya migomba hadi kwenye ua wa Obed. Tukachungulia. Ulikuwa umeingia kwenye banda la vifaranga, lenye hita na taa kubwa za kuwapa joto.

Nilishikwa na hasira. Kila Krismasi mtu huyu alimletea shangazi jogoo, na shangazi akamsifu mpaka kanisani. Kumbe shangazi alikuwa analishwa kuku aliyemlea mwenyewe kwa umeme wake!

Bushiri akaukata waya upande wetu. Breka ikapanda, ikatulia. Shangazi akakaa kwenye kigoda, akasema neno moja tu: "Doreen."

Haukupita muda, tukasikia hodi. Obed, amejifunika blanketi.

"Shemeji, kwako umeme upo?"

Shangazi akaitazama taa iliyokuwa inawaka juu ya kichwa chake, kisha akamtazama yeye. "Upo. Wa kwangu upo."

Obed akaliona boksi jipya ukutani. Akamwona Bushiri ameshika kipande cha waya. Nilidhani ataomba msamaha, au walau atadanganya.

"Shemeji," akasema, "vifaranga watakufa kwa baridi."

Shangazi akainuka polepole. "Mjukuu wangu alitoka hapa na mvua," akasema. "Wewe ulikuwa umekaa hapo hapo, unakunywa chai yangu."