Baba Aliyenizaa Akiwa na Miaka Kumi na Miwili

Mwanamke wa dirishani alikuwa mpole, na huo upole wake ndio ulionimaliza. Angekuwa mkali ningejua la kumjibu. Nilikuwa na mwaka wa sita Poland, nimeolewa na Mpolandi, tuna mtoto wa miaka mitatu, na nilikuwa nimeomba kadi mpya ya ukaazi. Wiki hiyohiyo, kwa kiherehere changu, nikapeleka na mwaliko wa kumleta baba yangu kutoka Ruangwa aje amwone mjukuu wake. Yule mama akaweka cheti changu cha kuzaliwa kando ya kopi ya pasipoti ya baba, akavua miwani, akaniuliza polepole kama anayeongea na mgonjwa: "Baba yako alikuzaa akiwa na miaka kumi na miwili?"

Nilicheka. Nikamwambia pasipoti imekosewa, kwetu watu wengi hawajui walizaliwa lini. Lakini nikiwa bado nacheka nikakumbuka jinsi nilivyokuwa nikijigamba kwa wenzangu chuoni kwamba baba yangu hazeeki. Nikaacha kucheka.

Akanieleza kwamba ofisi inashuku cheti changu ni cha kughushi. Nilete maelezo na nyaraka kutoka nyumbani, la sivyo ombi litakataliwa. Kadi yangu ya zamani ilikuwa imebakiza wiki saba. Ikiisha nikiwa Tanzania, simwoni mwanangu mpaka niombe viza upya, na viza si kitu cha wiki moja.

Mume wangu anatoka kwenye nchi ambako hata babu wa babu yake ameandikwa kwenye daftari la kanisa. Aliniuliza swali moja tu: "Sasa huyo mtu ni nani?" Nilimfokea mpaka mtoto akalia. Nikamwambia ni baba yangu, na swali hilo asilirudie.

Na alikuwa baba yangu. Mama aliishi Marambo, upande wa Nachingwea, kwa ndugu zake. Baba aliishi Likunja, Ruangwa. Nilijua waliachana, na sikuona ajabu, maana kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama. Kila msimu wa korosho baba alifika na baiskeli, nyuma amefunga madaftari, viatu vya shule na sukari ya mama. Nilipopata nafasi chuoni ndipo tukahangaikia cheti cha kuzaliwa, na yeye ndiye aliyekwenda kusimama mbele ya karani na kadi yake ya mpiga kura. Jina la kwenye kadi na jina langu la ukoo ni lilelile. Nani angeuliza?

Nilipofika Marambo nilimkuta mama amekaa kwenye turubai, anapepeta ufuta. Sikumpa hata nafasi ya kunikaribisha.

"Mama, baba ana miaka mingapi?"

"Baba yupi?"

Nilikaa chini palepale juu ya ufuta wa watu. Mama akaweka ungo pembeni, akaniambia kwa sauti ileile ya kuulizia bei ya chumvi. Mume wake alifariki mimi nikiwa na miaka miwili. Arobaini ilipofika wazee wakamchukua mtoto wa dada wa marehemu, wakamvisha kanzu ya mjomba wake, wakamkalisha mkekani, wakamwambia kuanzia leo wewe ndiye yeye. Alirithi jina. Na mwenye kurithi jina hurithi yote ya mwenye jina: mashamba, lawama na watoto.

"Mbona hamkuniambia?"

"Tukwambie nini wewe mtoto? Baba si unaye? Ulikosa nini?"

Nilimjibu mama yangu maneno ambayo sitayaandika. Nilikuwa na hasira, lakini chini ya hasira kulikuwa na kitu kibaya zaidi. Kule Likunja kuna makaburi njiani kuelekea kwenye mikorosho yao. Nimeyapita mara ngapi nikienda kwake likizo nikiwa mdogo, nimeshikwa mkono, na mtu aliyenizaa amelala pale, na mimi napiga stori za shule?

Kesho yake nikaenda Likunja. Alinipokea nje, akanipokonya begi kama kawaida yake, na kwa mara ya kwanza nikamtazama sawasawa. Alikuwa mwanamume wa miaka hamsini. Wakati anarithi jina alikuwa na miaka kumi na minne. Nikamuuliza alijisikiaje.

"Niliacha shule," akasema. "Nilikuwa darasa la sita. Mtu mwenye mtoto anakaaje darasani?"

Aliongea bila kulalamika hata kidogo. Mimi ndiye niliyelia, tena vibaya, mpaka mke wake akaniletea maji.

Zilizobaki ni karatasi. Barua ya mtendaji wa kijiji, barua ya msikiti, kisha cheti cha kifo cha mtu aliyefariki zamani hivyo, ambacho karani wa wilaya alikiandika akiguna. Halafu niende Dar kugonga mihuri wizarani na ubalozini, kisha Poland kwa mtafsiri aliyeapishwa. Lakini kabla ya hayo yote, wakili pale Ruangwa alisema lazima kiwepo kiapo. Mwenye pasipoti aape kwamba yeye si mzazi wangu, cheti changu kirekebishwe.

Nilidhani atakataa. Moyoni nilitamani akatae, kadi ipotee, nitajua la kufanya. Yeye akauliza tu, "Bila hiyo, mtoto atakaa huko peke yake na baba yake?" Nikasema ndiyo. Akaenda kutawadha.

Mbele ya hakimu alishika msahafu kwa mkono wa kulia. Akasomewa, akarudia neno kwa neno kwamba si baba yangu, hajawahi kuwa baba yangu, mimi ni mtoto wa mjomba wake. Neno "sijawahi" alilisema kwa sauti ndogo, hakimu akamtaka arudie, akarudia. Kisha akatia saini kwa jina la baba yangu, maana jina jingine hana.

Tulitoka nje. Jua lilikuwa kali, watu wanasubiri kesi zao za mipaka na mbuzi. Nikamwambia, "Asante, baba." Hakuitika. Nikadhani hajasikia, nikarudia. Akanitazama kwa huruma, huku anafuta viganja kwenye suruali.

"Nimeshika msahafu," akasema.

Nilirudi Poland kadi ikiwa imebakiza siku nne. Yule mama mpole akapokea kila kitu, akapanga, akagonga mhuri, akaniambia sasa mambo yamenyooka. Kadi mpya ilipotoka nilimpigia simu Likunja kabla hata ya kumwambia mume wangu. Alifurahi kwelikweli. Alimshukuru Mungu, akauliza habari za mtoto, akaniambia ufuta mwaka huu umekubali.

"Hongera sana," akasema, "dada yangu."