Vyungu Vinavyopumua

Walimwita Fuko kwa sababu hakuna aliyemshinda kwenda chini ya ardhi. Alichimba visima tangu ujana wake. Alishuka kwa kamba huku anaimba, na waliobaki juu walijua yu salama kwa kuisikia sauti yake. Mpaka siku ile ukuta wa kisima ulipomporomokea ukamfunika mwili mzima. Wenzake watatu walimfukua kwa mikono, kucha zikawatoka. Alitoka akipumua, lakini wimbo ulibaki huko huko chini.

Mbavu ziliunga. Daktari akasema amepona, majirani wakamshukuru Mungu. Mkewe peke yake ndiye aliyejua ni mtu gani aliyerudishiwa. Mtu mzima akawa analala kizingitini, mlango wazi, miguu nje. Punje mbili za lipu zikidondoka kutoka darini, yeye ameshafika uani, mikono kichwani, anatweta. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Huyu alishtuka hata na vumbi. Wenzake wa kazi walipokuja kumjulia hali, alijifanya amelala.

"Kesho nitakuwa sawa," alimwambia mkewe. Kesho ikaja, ikapita, ikamwacha palepale.

Dada wa mkewe alikuwa mfinyanzi, mwanamke wa mzaha usiokwisha. Siku moja alimkuta uani amejikunyata kama kuku aliyenyeshewa.

"Shemeji, nyumba hii haihitaji mlinzi wa mchana. Njoo unikandie udongo, mgongo wangu umechoka."

Neno udongo lilimkausha mate. Alikwenda kwa aibu tu. Alipotumbukiza vidole katika lile tope baridi, harufu ikampanda puani, na kifua kikambana vilevile kama siku ile. Akachomoa mikono, akakimbilia nyuma ya banda kutapika. Mfinyanzi hakumfuata. Fuko aliporudi alikuta bonge dogo kama ngumi limewekwa juu ya ubao.

"Hilo haliwezi kumfunika hata panya," mfinyanzi alisema bila kugeuka. "Likikutisha, libonyeze."

Akalibonyeza. Kidole kikatokeza upande wa pili, na alipokichomoa, mwanga ukapita kwenye tundu. Alilitazama kwa muda mrefu. Akatoboa jingine.

Basi akawa anakwenda kila siku. Mikono ikajifunza kuinua chungu kutoka kwenye bonge, lakini kila alichofinyanga alikitoboa: matundu ya duara, ya majani, ya nyota, ubavu mzima. Chombo kilichozibwa kilimtoa jasho.

"Mfinyanzi hulia gaeni," shemeji yake alicheka, "lakini wewe utalia kwenye chujio!"

Fuko naye akacheka, akajishangaa.

Ikafika siku ya kuchoma. Mfinyanzi alipanga vyungu chini, akavizungushia kuni na majani makavu ambayo dada yake, mke wa Fuko, alikuwa akimletea, akawasha. Moto ulipokolea, akachukua koleo, akaanza kuvifukia kwa majivu ili joto lisitoke. Fuko akasikia majivu yanavyomwagika. Aliijua sauti ile. Ndivyo unavyonong'ona udongo unapoanza kuteleza, kabla ya kishindo.

"Acha! Vinakosa pumzi! Vitakufa!"

Akajitupa kwenye majivu kwa mikono mitupu, anafukua, hasikii moto, mpaka mkewe alipomkumbatia kwa nyuma na kumvuta.

Hakuna aliyecheka. Mkewe alimmwagia maji baridi kwenye vidole vilivyoanza kutoka malengelenge. Ndipo Fuko akasema, meno yakigongana:

"Nilikuwa nawasikia. Kule chini, mdomo umejaa udongo, nawasikia wananiita. Halafu mmoja akasema, 'Huyu amekwisha. Tumwache.'"

"Nani alisema?"

"Sijui. Kila mtu akinisalimu, naisikiliza sauti yake."

Mkewe hakuiachia mikono yake. "Lakini hawakukuacha, mume wangu," alisema. "Aliyesema hivyo naye alichimba. Niliona mikono yao walipokuleta. Wote walikuwa wanatoka damu."

Vyungu vilipopoa, viwili vilikuwa vimepasuka. Vingine vilitoka vyekundu, vizima, na mshumaa ukiwekwa ndani, ukuta wote unajaa majani na nyota. Watu wakaanza kuviulizia. Kisimani Fuko hakushuka tena, na woga haukumtoka. Ulipungua makali tu, kama kisu cha zamani.

Alivichagua vitatu, akavipeleka mwenyewe kwa wale wenzake. Wa kwanza alimpokea kwa vicheko, wa pili kwa baraka tele. Fuko alisikiliza kila neno. Wa tatu alipokea chungu kwa mikono miwili, akafungua mdomo, akashindwa. Machozi yakamtangulia.

Fuko hakungoja aseme.

"Weka taa ndani," alimwambia, akaondoka haraka.