Droo Sita za Mvule

Ile rauta ndogo, mashine ya umeme ya kuchimba mbao inayoshikika kwa mkono mmoja, niliipata soko la Gikomba ikiwa mtumba, na tangu siku hiyo kichwa kikanivimba. Ilikuwa miaka ya tisini, nikifanya kazi Kawangware chini ya mzee aliyenifundisha tangu nikiwa sijui hata kushika randa. Asubuhi tulitoka Kibera pamoja kwa miguu, yeye akitokea kijiji cha Soweto West, mimi kijiji cha Raila. Mzee alikata viungo vya mkia wa njiwa kwa msumeno na patasi, yale meno yanayoshikana kwenye pembe za droo bila msumari hata mmoja. Watu walimfuata kwa hayo tu.

Akaja mwalimu mmoja wa shule ya Olympic, mama asiyependa mchezo, akataka kabati la droo sita. Mbao tulizokuwa nazo alizikataa zote. Ikabidi mzee atoe mvule wake mwenyewe, aliouanika miaka miwili ili apate mlango wa nyumba yake kule kwao Magharibi.

Nikafunga biti, kile kisu cha kuchimbia, kwenye rauta, nikabana juu ya ubao chanuo la chuma la kuiongoza. Mzee akasema, "Kijana, piga kwanza kwa kipande ya taka. Biti ikikaa juu kidogo tu, meno zitalegea."

"Aa, mzee, wacha bana. Hii si msumeno."

Nilimjibu hivyo, mimi! Tena mafundi wengine wakisikia. Kina nikakikadiria kwa jicho, nikakata droo zote sita kwa mpigo. Tulipoziunganisha, zilicheza kama meno ya mtoto wa darasa la kwanza.

Mzee hakunigombeza. Siku mbili alikaa akichonga vijipande vyembamba vya mvule, akivipaka gundi na kuvisokomeza katika kila pengo. Lakini mwalimu alipokuja aliviona mara moja.

"Nani amekata hizi?"

Nikafungua mdomo. Mzee akanitangulia: "Ni mimi, mwalimu. Siku hizi mkono inatetemeka."

Uongo mtupu. Mkono wake haukuwahi kutetemeka. Na mimi, mwoga mkubwa, nikainamia randa yangu.

Habari zikafika Olympic kwamba mzee kaisha. Wateja wakaanza kuniulizia mimi, nami, Mungu anisamehe, nikawapokea. Kabla mwaka haujaisha, mzee alifunga misumeno yake kwenye gunia akarudi kwao. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, husema watu. Guu lililovunjika halikuwa langu.

Baadaye nilisafiri kwenda kumwona, nikiyapanga maneno ya kumwomba radhi njia nzima. Nyumba yake ilikuwa na mlango wa mabati. Akanimiminia chai, akaniuliza, "Sasa, kijana, siku hizi unapiga kwanza kwa kipande ya taka?"

Nikasema ndiyo. Nikamaliza chai yangu, nikaaga, nikarudi na yale maneno yangu yote.