Siku yetu ya off kwenye nchi ya barafu: nilitengeneza sleji ya bibi wa watu, nikajuta

Wakuu, salaam zenu. Nipo hapa Mawaleh, AC inanguruma, nje joto la kuchemsha yai. Nina kisa cha kweli tupu, na aliyeaibika ndani yake ni mimi mwenyewe, kwa hiyo sina sababu ya kuongeza chumvi.

Mimi ni seremala, mzaliwa wa hapa hapa Muscat, wazee wangu walitoka Unguja. Kiangazi kilichopita tulikwenda watu wanane wa kikundi chetu cha kujitolea, kusaidia kujenga ukumbi wa kijiji kimoja kaskazini kabisa ya Kanada. Kule jua la kiangazi halizami, na mti hakuna hata wa dawa.

(Mbu wapo. Msiniulize wanaishi vipi.)

Sasa naomba mkumbuke kitu kimoja. Kwenye ndege niliwachosha wenzangu na habari za babu mzaa bibi yangu, aliyekuwa akishona majahazi. Kushona kweli, ubao kwa ubao, kwa kamba za makumbi ya nazi, bila msumari hata mmoja. Rafiki yangu Salum wa Sib aliisikia mara nne.

Huko siku ya mapumziko ni Jumapili, kijiji kizima kipo kanisani. Team leader akasema leo hakuna kugusa nyundo, twendeni tukavue samaki. Wenzangu wakaenda. Mimi nikasingizia mgongo, nikabaki. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeona kazi.

Tulifikia kwa Bi Leah, mama mtu mzima, mjane, aliyetulisha wiki mbili kama wanawe. Nje ya nyumba yake kulikuwa na sleji, lile gari lisilo na magurudumu linaloburutwa juu ya barafu. Mbao mbili ndefu chini, juu yake vibao kumi na mbili vimefungwa kwa kamba.

Nikatikisa kibao kimoja, kikacheza. Cha pili, kikacheza. Roho ikaniuma. Nikasema maskini mama huyu, hana wa kumtengenezea.

Nikachukua drili. Nakata kamba, natia skrubu kila upande, nahamia kibao kingine. Na mluzi napiga. Nilipomaliza cha tisa, Bi Leah akarudi kutoka kanisani.

Hakupiga kelele. Alichuchumaa, akaokota vipande vya kamba pale chini, akavishika mkononi.

"Mafundo haya alifunga mume wangu," akaniambia taratibu. "Mwaka ule aliokufa."

Wakuu, nilitamani ardhi inimeze, na ardhi ya kule imeganda, haimezi mtu.

Kisha akanieleza. Barafu ya baharini ina mabonde na vilima. Sleji ikipita juu yake lazima ijipinde, na kamba ndiyo inayoiruhusu. Ukiikaza kwa chuma itapasuka njiani, na mwanawe ndiyo anayoitegemea kuletea nyama ya familia wakati wa baridi. Kumbe kule kucheza ndiko uzima wake.

Salum akarudi na samaki wake saa hiyo hiyo. Akaitazama sleji, akanitazama mimi.

"Khalfan, si weye ulotuchosha kwenye ndege na babu yako asotaka msumari?"



Nikafungua skrubu zote, moja moja. Bi Leah akaleta kamba mpya na kiti chake, akanikalisha mbele ya vile vibao vitatu vilivyobaki na mafundo ya marehemu, nikawa naiga. Fundo langu la kwanza alilivuta kwa kidole kimoja, likafunguka.

"Rudia."

La pili likafunguka.

"Rudia."

La tano ndipo akaitikia kwa kichwa. Wenzangu walikula samaki bila mimi, wakanipiga picha, wakaituma kwenye group: "Fundi yupo off."

Niliporudi nikamsimulia mama yangu. Alicheka mpaka mtandio ukamdondoka.

"Weye ulipewa siku ya kukaa kitako ikakushinda! Nnakwambia, babu yako angekuwepo angekukana."

Baadaye akaniuliza kama yule mama alinisamehe. Nikamwambia sijui. Kweli nilikuwa sijui, na jambo hilo liliniuma kwa miezi.

Kisha wakati wa baridi ikaja picha kwenye simu. Sleji ipo juu ya barafu, imejaa nyama. Chini Bi Leah kaandika: "Imekwenda na imerudi. Vibao vitatu vya mume wangu, tisa vyako. Hakuna kilicholegea."

Nilimwonyesha mama. Akaichukua simu, akaikuza picha, akahesabu vibao kimoja kimoja kwa ukucha.

Nilichojifunza ni kuuliza kwanza. Hasa ukiwa fundi, una drili iliyojaa chaji na siku nzima huna kazi.

Haya, zamu yenu. Nani mwingine humu alishawahi kumtengenezea mtu kitu ambacho hakikuwa kimeharibika? Salum, najua upo humu. Wewe nyamaza.