Mnyama Aliyekula Majembe

Juzi nimepanda Kighare, kijijini kwetu, na mjukuu wangu wa kike, huyu anayesoma Dar es Salaam. Shuleni wamemwambia kwamba juu ya kijiji chetu kuna mahali wazee wa kale walikuwa wakiyeyusha chuma, basi wiki nzima hakunipa nafasi: "Bibi nipeleke, bibi nipeleke." Kutoka Same ninakoishi tukaenda na basi mpaka Mwanga, bodaboda ikatupandisha kijijini, kisha tukapanda kwa miguu, na hili goti langu linalia kama mlango. Kufika kwenye kijito akaokota jiwe jeusi, zito, lina vitundu vitundu kama andazi lililoumuka.

"Bibi, hiki nini?"

"Mavi ya chuma."

Alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka, mwenzangu. Mwili ulinisisimka wote, nikajiona nina miaka tisa.

Ngoja nikusimulie, maana hili sijawahi kumwambia mtu.

Miaka ile kila kitu kiliadimika. Sabuni hakuna, tulifulia majani ya mpapai. Sukari hakuna, uji tulikunywa na chumvi, na chumvi yenyewe bibi yangu aliifunga kwenye pindo la kanga kama dawa. Ukisikia duka la kijiji limeletewa mzigo, unakimbilia foleni kwanza, kinachouzwa utakijua mbele ya safari. Lakini kubwa lao lilikuwa jembe. Nyumba yetu ilikuwa na moja tu. Baba alikuwa bondeni kwenye mashamba ya mkonge, nyumbani tumebaki bibi, mama na mimi. Mvua ya kwanza ikanyesha, mama akaingia shambani, pigo la tatu akapiga jiwe. Jembe likapasuka katikati. Mama akakaa kwenye tuta akalia, maana mvua ile ikipita hamjapanda, mwaka huo makande mtayanusa kwa jirani.

Tukalipeleka kwa mhunzi. Mzee huyo alikuwa jirani yetu, na kijiji kizima kilimwogopa. Mhunzi akikutamkia neno baya, watu walikuwa wanaanza kukuaga. Akaligeuza jembe, akasema, "Naweza. Ila kibomba changu kimepasuka."

Kibomba ni kile cha udongo, kinachopitisha upepo kutoka kwenye mifuko ya ngozi mpaka motoni. Alishafinyanga vingine, vyote vilipasuka. Vya wazee wa kale havipasuki, na huko juu kwenye tanuri lao vipo bado. Yeye miguu imemvimba, wanawe wote wako kwenye mkonge kama baba yangu. "Nileteeni kimoja kizima," akasema, "jembe lenu ndilo la kwanza."

Sasa kwetu mwanamke aliyevunja ungo hakanyagi tanuri la chuma. Akikanyaga, ni yeye au ni shamba, kimoja kitakufa. Bibi akanitazama.

"Utakwenda wewe."

"Mama, katoto haka!" mama akasema.

"Haya, nenda basi wewe uliyezaa, tuone kama chungu kitatokota tena kwenye nyumba hii."

Usiku ule sikulala, na nakuambia kwa nini. Kila siku nilisikia watu wazima wakisema kule juu kumejaa mavi ya chuma. Ni jina tu, zile taka zinazobaki chuma kikiyeyushwa. Lakini mimi, na shule yangu iliyokuja kuishia darasa la tatu, nikapiga hesabu zangu: penye mavi pana mwenyewe. Na anayekunya chuma anakula nini? Majembe! Nikaelewa papo hapo kwa nini duka la kijiji ni tupu. Kumbe yuko hapo juu yetu, ameshiba. Sikumwuliza mtu. Nilijua watanificha.

Asubuhi bibi akanifungia makande kwenye jani la mgomba, akanishika mkono. Kiganja chake kilikuwa kimelowa jasho, na baridi ile! Kwenye kijito akasimama, vidole vya miguu havikugusa maji.

"Mwisho wangu hapa. Nitakuwa nakuita. Nikisema upo, sema nipo. Usiache kuitika."

Nikavuka. Ukungu ukashuka, mikuyu ikawa vivuli. Chini ya miguu mawe yale meusi yanalia kwacha, kwacha, na mimi kila hatua najua ninakanyaga nini.

"Upooo?" bibi nyuma.

"Nipo!"

"Upooo?"

"Nipo, bibi!"

Nikafika. Shimo pana, udongo umeungua mwekundu kama ndani ya kinywa, vibomba vimechomoza kama mifupa ya shingo. Nikachomoa kimoja, kizima, nikakikumbatia. Ndipo sauti ikatoka mbele yangu, upande wa jabali, nene, nzito:

"Upooo?"

Mwenzangu, damu ilisimama. Bibi nimemwacha nyuma, huyu yuko mbele. Na bibi huyohuyo alinifundisha tangu nikiwa mgongoni: sauti ya usiyemwona usiiitikie, itakuchukua. Nikajibanza shimoni, nimeng'ata kanga. Ikaita tena. Ikaita jina langu. Halafu ikaanza kulia. Sijawahi kumsikia bibi akilia, kwa hiyo nikajua kabisa siye.

Kikapita kimya. Kisha kwacha, kwacha, kwacha, kitu kinakuja, kinahema. Nilijikojolea, sikufichi. Nikafumba macho nisubiri meno, pua ikapata harufu ya ugoro.

Alikuwa bibi, kanga imemwanguka begani, miguu mitupu inatoka damu, maana yale mawe yanakata kama wembe. Akanizaba kofi, akanikumbatia, vyote pamoja.

"Si nilikwambia uitike?"

"Si ulinifundisha nisimwitikie nisiyemwona?"

Ndipo akatazama chini akaona amesimama wapi. Akarudi kinyumenyume, akifuta nyayo zake kwa majani, moja moja, mpaka kijitoni. Tulipovuka akaniuliza, "Mimi nilivuka?"

"Hukuvuka, bibi."

Tulipompelekea mhunzi kibomba, akautazama mguu wa bibi uliofungwa kitambaa.

"Mama, umekatwa na nini?"

"Chupa."

Chupa! Mwaka ule chupa tupu yenyewe ilikuwa inaazimwa nyumba kwa nyumba. Mzee akamtazama bibi, akanitazama mimi, akatazama moto. Kisha akasema, "Chupa ni mbaya sana," akaanza kupuliza.

Tulipanda. Lakini woga haukuisha siku ile. Bibi akikohoa, naamka. Chungu kikipasuka, ananitazama. Hindi likinyauka, anasimama mbele yake kama mtu anayesomewa hukumu. Mpaka tukavuna, tukala makande mapya, bibi yuko hai, na bado hatukuthubutu kucheka. Aliishi miaka mingi, akazikwa na jambo lile kifuani.

Baadaye ikaja ruksa, biashara ikafunguliwa. Majembe yakaning'inia madukani kama ndizi, mitumba ikajaa minadani, nani tena alitaka la kuungwa? Moto wa mhunzi ukazimika. Kwake siku hizi kuna nyumba ya bati, na kijana aliyeijenga hajui aliishi nani hapo.

Basi mjukuu wangu akakiruka kijito bila hata kukitazama, akapotelea juu na simu yake akipiga picha. Mimi nikasimama. Hakuna anayekataza tena, na ungo wangu ulivunjika zamani gani, lakini miguu ilikataa, vidole havikugusa maji. Ukungu ukaanza kushuka. Kimya.

"Bibi! Upo?"

"Nipooo!" nikaitika kwa nguvu zangu zote.

Jabali likanirudishia sauti, nene, nzito, ya kizee. Ilikuwa ni ileile.