Tazama Mkono, Funga Mdomo

Darasani kwangu Bukoto kulikuwa na sheria moja, nami ndiye niliyeitunga: tazama mkono, funga mdomo. Nilikuwa na cherehani nne, meza moja ya kukatia, na rula ya mbao iliyovijua vidole vya wanafunzi wote. Mtu akiuliza kwa nini tunakata hivi na si vile, nilimkumbusha kwamba nilivuka mpaka wa Busia na mkasi wangu mkononi, na kama anajua zaidi, meza ndiyo hiyo. Hakuna aliyewahi kuichukua meza. Nilidhani hiyo ni heshima.

Mwanafunzi wangu hodari kuliko wote alikuwa mke wa polisi, mama wa watoto watatu kutoka kaskazini, mpole, mwenye mkono mwepesi. Kabla hatujafika kwenye shati la mwanamume, mumewe akahamishiwa Moroto. Baada ya muda akanipigia simu. Mwalimu mkuu wa shule ya huko alikuwa amempa kitambaa cha mashati kumi na mawili ya wavulana, kumjaribu. Akiyashona vizuri, sare za shule nzima zitakuwa kazi yake, na ataachana na kuuza mkaa.

"Madamu, nifundishe hata kwa simu," alisema. "Shati bado mimi sijui."

Kufundisha kwa simu niliona ni kujishusha. Binamu yangu alikuwa ameniachia laptopu, na nilishaona vijana wakifundisha mapishi kwa video, sura zao za kawaida tu. Nikaamua kurekodi somo, nilitie kwenye memori kadi na kulikabidhi kwa basi la Moroto, maana mtandao wa huko ulikuwa wa kubahatisha lakini simu yake ilisoma kadi.

Siku ya kwanza iliisha nikisalimia. Nilivaa gauni ninalovalia harusi za watu, nikaiweka laptopu juu ya sufuria mbili zilizopinduliwa, nikasema, "Karibuni watazamaji wapendwa." Watazamaji wenyewe walikuwa mmoja, naye alikuwa akinisubiri na kitambaa cha watu. Salamu hiyo niliirudia mara kumi na moja. Maikrofoni niliyoibana kwenye kola ilinasa kila pumzi, kana kwamba mtu anakwangua ukoko. Nilipoitoa, laptopu ikasikia cherehani tu. Nikapaza sauti mpaka jirani yangu wa saluni akachungulia mlangoni.

"Nnyabo, wewe nagombana na nani humu?" aliuliza, akiniita bibi kwa Kiganda.

Mwishowe nilirekodi picha nikiwa kimya, kisha sauti peke yake nikiwa nimejifunika blanketi mchana wa jua kali.

Kulikuwa pia na kadibodi. Niliandika SHATI LA MWANAMUME kwa herufi kubwa, nikaitundika nyuma yangu. Nilipotazama video, herufi zilikuwa zimegeuka, zinasomeka kinyumenyume. Mtu mwenye akili angejiuliza kwa nini. Mimi niliikasirikia kadibodi. Nikaona laptopu haipendi maandishi, nikaing'oa, nikarekodi upya. Kwenye video hiyo mpya nilikuwa nakata kwa mkono wa kushoto, nami ni wa kulia tangu nizaliwe. Sikuona, nilikuwa natazama gauni.

Sauti yangu nayo haikutaja kulia wala kushoto. Ilisema "upande huu" na "upande ule", kwa sababu sheria ilikuwa kutazama mkono.

Wiki tatu baada ya kadi kuondoka na basi alinipigia, sauti imepungua.

"Madamu, mwalimu mkuu amekataa. Anasema hii ni blausi ya wasichana."

Vifungo vilikuwa upande wa kushoto kama vya blausi, na mfuko ulikuwa kifuani upande wa kulia. Kwanza nilimgombeza, kama kawaida yangu. Kisha nikafungua video nikiwa na shati la kiume mkononi. Laptopu ilikuwa imenirekodi kama kioo kinavyonionyesha, kila kitu upande usio wake, na yeye alikuwa amenifuata mshono kwa mshono.

"Lakini hukuona kwamba si sawa?" nilimuuliza.

"Niliona, madamu. Shati ya bwana yangu ya kazi iko hapa kwa msumari. Nilifunga, nilifungua, nikaona iko tofauti. Lakini wewe ndiye mwalimu. Ulisema tutazame mkono yako."

Niliona haya, na mpaka leo nikikumbuka naona haya. Shati la kweli lilikuwa mbele yake, akaniamini mimi.

Nikamwambia nitayashona mwenyewe yote kumi na mawili, niyatume kwa basi.

"Hapana, madamu. Ukishona wewe, kazi ni yako. Zile za kwanza mwalimu mkuu amepeleka kwa wasichana, na amenipa kitambaa tena, mara ya mwisho. Nitumie somo."

Jirani wa saluni alinionyesha pa kubonyeza ili picha isigeuke. Ilimchukua muda mfupi kuliko salamu yangu moja. Nilirudisha kadibodi ukutani, nikaacha gauni kabatini, nikaanza hivi: "Nilikosea. Kabla hujanifuata, shusha shati la mumeo kwenye msumari, ulitazame." Salamu ya "watazamaji wapendwa" ilinichukua mara kumi na moja. Neno nilikosea lilinichukua zaidi.

Kadi ilipomfikia, alipiga simu siku hiyohiyo.

"Madamu, nimetazama. Pale kwa mfuko, wewe umepima kutoka kwa bega. Lakini shati ya bwana yangu, mfuko imelingana na kifungo ya pili. Gani ni sawa?"

Mkono wangu ulitafuta rula wenyewe. Nikauzuia, nikachukua shati la mfano, nikapima mara mbili nikitumaini ataonekana amekosea.

"Yako ndiyo sawa, mama," nikasema.

Leo wavulana wa shule ile wote wanavaa mashati yake, na mfuko wa kila shati umelingana na kifungo cha pili.